Makumira au Mlimani? Kabla hujauza shamba, piga hesabu



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mji wetu wa Arusha na vijiji vyote vya chini ya Mlima Meru vinaingia kwenye msimu ambao haumo kwenye kalenda: msimu wa kubishana kuhusu vyuo. Ukikaa kijiweni Kilombero, ukipanda Hiace ya Usa River, ukienda msibani Poli au harusini Moshono, mada ni hiyo hiyo. Fulani kachaguliwa vyuo viwili, aende kipi? Mjomba anasema Mlimani, shangazi anasema Makumira, jirani anasema kachukue uhasibu pale Njiro, na dogo mwenyewe kakaa pembeni anachezea simu, hajaulizwa kitu.

Leo naomba tuichambue hii kitu kwa utaratibu, maana kuna familia zinauza ng'ombe na vipande vya kihamba kwa sababu ya uamuzi unaofanywa ndani ya siku chache, tena kwa kusikiliza jina la chuo tu. Nitachukua mfano mmoja, na ni mfano tu, msianze kumtafuta mhusika. Binti wa Nkoaranga, kamaliza kidato cha sita, kapata sifa za kusoma sheria. Kaomba vyuo kadhaa. Kapokelewa Tumaini Makumira, ambako kwao ni bodaboda mpaka lami halafu dakika chache. Kapokelewa pia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, karibu kilomita 600 kutoka kwao. Achague kipi?

Kwanza tuelewe kwa nini swali hili lipo siku hizi na zamani halikuwa kali hivi. Kuanzia mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ilikuwa na mfumo wa pamoja wa udahili. Unajaza chaguo zako kwa mpangilio, mtambo unakupangia chuo kimoja, basi. Mwaka 2017 utaratibu ule ukaondolewa. Sasa mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na anaweza kuomba vyuo vingi anavyotaka. Matokeo yake kijana mmoja anapokelewa vyuo viwili, vitatu, hata vinne kwa mpigo. TCU ikaona huyu atashikilia nafasi za wenzake, ikaweka utaratibu wa kuthibitisha: unatumiwa namba ya siri kwenye simu au barua pepe, unaiingiza kwenye chuo kimoja unachokitaka, vingine vinakuachia. Usipothibitisha ndani ya muda uliopangwa, nafasi inaweza kukupita.

Hapo niweke tahadhari ndogo kabla sijaendelea. Vijana wengi wa huku kwetu wanajaziwa fomu na mtu wa steshenari, na yule mtu wa steshenari kwa haraka zake anaweka namba yake ya simu au barua pepe yake. Siku namba ya siri inapotumwa, inakwenda kwake. Wazazi, hakikisheni namba iliyoandikwa ni ya mtoto, na laini ni ya kwake na iko hewani. Ni jambo dogo kabisa, lakini linaweza kumnyima mtu mwaka mzima.

Turudi kwenye hoja. Zamani mtambo ulichagua, leo familia inachagua. Ni uhuru mzuri. Ila angalieni unakuja lini. Namba za kuthibitisha zinatoka kabla Bodi ya Mikopo haijatangaza nani kapata mkopo na kapata kiasi gani. Majina ya awamu ya kwanza ya mikopo kwa kawaida yanatoka Oktoba, vyuo vikiwa vinakaribia kufungua au vimeshafungua. Kwa hiyo binti wetu wa Nkoaranga anaambiwa achague bidhaa kwanza, bei ataambiwa baadaye. Hakuna mama anayenunua hata ndizi za Tengeru namna hiyo. Lakini kwenye chuo kikuu, kitu cha miaka mitatu au minne na mamilioni ya shilingi, tumekubali.

Na bei ni kitu gani hapa? Wengi wakisikia bei wanafikiria ada. Wanachukua karatasi ya ada ya Makumira, wanachukua ya Mlimani, wanalinganisha, mjadala umekwisha. Huo ni mtego. Ada ni kipande kimoja tu. Kipande kinachoua familia nyingi ni kula na kulala.

Serikali yenyewe imetupa kipimo. Mwaka 2022 fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000. Maana yake serikali yenyewe inakiri kwamba mwanafunzi hawezi kuishi vizuri chini ya hapo. Sasa chukua siku 240 za mwaka wa masomo, kwa makadirio. Ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, na hapo hujagusa ada, hujanunua kitabu, hujalipa nauli ya basi la Dar kwenda na kurudi.

Binti huyo huyo akisoma Makumira akitokea nyumbani, weka siku 170 za vipindi. Weka nauli 2,000 kwa siku na chakula cha mchana 2,000. Ni 680,000 kwa mwaka. Tofauti ni 1,720,000. Kwa miaka mitatu ni 5,160,000. Namba za nauli na chakula ni za mfano, kila mtu abadilishe kulingana na anakokaa, maana wa Ngaramtoni au Kwa Mrombo hatalipa sawa na wa Maji ya Chai. Lakini sura ya hesabu haibadiliki: kukaa nyumbani kunaokoa mamilioni.

Sasa mtu wa Mlimani atasimama hapa aseme, "Mkuu, mkopo unalipa hayo yote, wasiwasi wa nini?" Sawa, tuseme mkopo umetoka, bumu linaingia. Lakini bumu siyo zawadi ya kipaimara. Ni deni. Sheria ya Bodi ya Mikopo iliporekebishwa mwaka 2016, makato kwa aliyeajiriwa yakawa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, wakati zamani watu walikuwa wakikatwa asilimia 8. Ahueni iliyokuja mwaka 2021 ni kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo ilifutwa, kwa hiyo deni halivimbi kama unga wa mandazi. Hilo ni jema, tulipongeze. Ila deni lenyewe lipo pale pale.

Piga hesabu. Mtu anaanza kazi kwa mshahara wa msingi wa 800,000. Asilimia 15 ni 120,000 kila mwezi. Kama anadaiwa milioni 9, atalipa miezi 75, yaani miaka 6 na miezi 3. Kama anadaiwa milioni 12, atalipa miezi 100, miaka 8 na miezi 4. Kila milioni 3 anayoongeza kwenye deni ni miezi 25 ya kukatwa. Kwa hiyo ukiona kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU kozi mbili zenye jina moja, angalia na safu ya muda. Usidhani miaka ni sawa kila chuo. Mwaka mmoja wa ziada siyo mwaka wa ziada tu, ni miaka miwili ya makato mbele ya safari.

Mpaka hapa ni kama nimeshasema aende Makumira. Subirini kwanza.

Tuzungumze kuhusu jina. Mlimani ina jina, tusidanganyane. Chuo kile kilianza mwaka 1961 kama tawi la Chuo Kikuu cha London, na kitivo cha kwanza kabisa kilikuwa hicho hicho cha sheria. Kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kisha mwaka 1970 kikasimama chenyewe. Majaji, mawaziri, marais wa nchi jirani wamepita pale. Ukisema umesoma sheria Mlimani, mtu anakaa vizuri kwenye kiti. Makumira nayo ina historia yake. Chuo cha thiolojia cha Walutheri kilihamia pale mwaka 1954, wakati Mlimani bado ni pori. Ila mambo ya sheria, ualimu na biashara yalikuja miaka mingi baadaye, baada ya Tumaini kuanzishwa miaka ya 1990.

Je, jina linabeba? Kwa mwanasheria tuna kipimo ambacho hakina upendeleo, nacho ni Shule ya Sheria kwa Vitendo. Tangu ianze mwaka 2008, mtu mwenye shahada ya sheria hawi wakili mpaka apite pale. Awe wa Mlimani, awe wa Mzumbe, awe wa Makumira, awe wa Iringa, wote wanakaa darasa moja na mtihani mmoja. Mwaka 2022 nchi nzima ilishtuka. Katika kundi moja la wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Waliopewa sapu walikuwa 342, na waliodisko 265. Ndiyo, 26 katika 633, asilimia 4 na kidogo. Kelele zikawa kubwa mpaka waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Dk. Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni.

Watu walilaumu shule, wengine wakalaumu vyuo, wengine wakalaumu wanafunzi wenyewe kwamba hawajui Kiingereza cha kuandikia hati. Mimi sitaki kurudia ubishi ule. Ninachotaka mkione ni kimoja: ukiwa na wanafunzi 607 ambao hawakupita mara ya kwanza, hao hawakutoka chuo kimoja chenye jina baya. Wametoka vyuo vyote. Jina la chuo linakufikisha mlangoni. Halikuvushi.

Na kuna jambo ambalo wazazi wa huku hawaambiwi. Shule ya Sheria iko Dar es Salaam, barabara ya Sam Nujoma, karibu kabisa na Mlimani. Kwa hiyo hata binti akisoma Makumira akitokea nyumbani, akitaka uwakili lazima siku moja apande basi aende Dar, apange chumba, ale, alipe ada nyingine. Familia nyingi zinafika hapo zimeishiwa. Kihamba kimeshauzwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na mlango wenyewe uko mwaka wa mwisho. Ndiyo maana mtaani kuna vijana wengi wenye shahada ya sheria ambao siyo mawakili, wanasaidia kuandika mikataba ya viwanja kwenye vibanda.

Sasa ile 5,160,000 ya kukaa nyumbani iangalieni upya. Ile siyo akiba ya kununulia pikipiki. Ile ndiyo hela ya Shule ya Sheria. Mwenye kusoma Makumira akitokea nyumbani bila kuiweka ile tofauti amepoteza faida yote ya kukaa nyumbani.

Tuje kwenye jambo la mahali. Watu wanasema Dar ndiko kwenye fursa. Kwa mambo mengi ni kweli, siwezi kupinga. Lakini kwa mtu wa sheria, Arusha siyo shamba. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako hapa, na Mahakama ya Jumuiya hiyo iko hapa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapa, barabara ya Dodoma. Ile Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Rwanda iliyoundwa mwaka 1994 ilifanya kazi hapa mpaka ilipofungwa mwisho wa 2015, na hukumu ya Akayesu ya mwaka 1998, ambayo dunia nzima inaisoma kwa sababu ilitamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari, ilisomwa katika mji huu huu tunaouza ndani yake viatu vya mitumba. Chombo kilichorithi kazi zake kiko Lakilaki.

Mwanafunzi wa sheria wa London au New York anasafiri kuja kuyaona haya. Wa Usa River anapanda Hiace. Lakini ukaribu peke yake haufundishi. Ukikaa jirani na kiwanda cha sukari hunywi chai tamu kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wa Makumira ambaye miaka yote hajawahi kukaa kwenye kiti cha wasikilizaji mahakamani, hajawahi kusoma hata hukumu moja ya Mahakama ya Afrika dhidi ya Tanzania, huyo hana faida yoyote juu ya mwenzake wa Dar. Na hukumu zipo nyingi, maana Watanzania walikuwa wakiishitaki serikali pale kwa wingi mpaka serikali ilipotangaza mwaka 2019 kuondoa ile ruhusa ya mtu binafsi kwenda moja kwa moja. Mada ya utafiti hiyo, iko nje ya mlango.

Sasa nigusie jambo ambalo watu hawapendi kulisema. "Asome karibu, atokee nyumbani." Kwa mtoto wa kiume sentensi hiyo ina maana moja, kwa binti ina maana nyingine. Binti anayesoma akitokea nyumbani mara nyingi anaamka saa kumi na moja, anakata majani ya ng'ombe, anaandaa chai, anamwogesha mtoto wa dada, ndipo anakwenda kipindi cha saa mbili. Jioni anarudi, jiko linamsubiri. Mgeni akija, yeye. Bibi akiugua, yeye. Mwenzake aliyeko kwenye hosteli za Mlimani, zile zilizofunguliwa 2017 zenye uwezo wa kuchukua wanafunzi 3,840, au kule Mabibo, ana kelele na foleni ya choo, lakini ana saa nne za usiku ambazo ni za kwake. Ukilinganisha vyuo bila kuhesabu saa hizo nne, hujalinganisha kitu.

Na upande wa pili nao usifichwe. Siyo kila anayekwenda Dar anapata hosteli. Wengine wanapanga Changanyikeni au Sinza, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mtoto wa miaka 19 ambaye hajawahi kulala nje ya boma au bweni anajikuta peke yake katika jiji kubwa, bumu limechelewa, na watu wenye nia mbaya wanajua kabisa kwamba limechelewa. Wazazi wana haki ya kuogopa. Nasema tu woga huo usiwe kisingizio cha kumpata mfanyakazi wa ndani wa bure.

Kuna hofu nyingine ya wazazi, kuhusu vyuo visivyo vya serikali. Haikutoka hewani. Mwaka 2016 TCU ilifunga kampasi za St. Joseph za Songea na ya hapa Arusha, wanafunzi wakatawanywa vyuo vingine. Mwaka 2017 vyuo 19 vilizuiwa kudahili wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza, na kozi kadhaa katika vyuo vingine zikasimamishwa. Waliokuwa na watoto kwenye vyuo hivyo wanajua ile presha. Lakini fundisho siyo kwamba cha binafsi ni kibaya na cha serikali ni kizuri. Fundisho ni kwamba chuo kinaweza kuwa halali na kozi isiwe imeidhinishwa. Kwa hiyo kwenye kitabu cha TCU cha mwaka husika usitafute jina la chuo tu, tafuta jina la kozi ndani ya chuo hicho, kwenye kampasi hiyo. Kama haimo, usilipe hata senti, hata kama wana basi zuri na kwaya nzuri.

Hapo hapo nimalize ubishi mdogo mdogo. Wanaosema Chuo cha Uhasibu pale Njiro siyo chuo kikuu wanasema kweli, ni taasisi, na kiko chini ya Baraza la vyuo vya ufundi. Lakini shahada yake ni shahada, na anayetaka CPA atafanya mitihani ile ile ya Bodi ya Wahasibu ambayo atafanya aliyesoma Mlimani. Chuo Kikuu cha Arusha cha Wasabato, kule Ngongongare, nacho kipo, ila kabla ya kuthibitisha soma taratibu zake za maisha ya chuoni uone kama unaziweza, siyo unaanza kulalamika ukishafika. Na lile bango la Nelson Mandela pale Tengeru lisiwachanganye vijana: taasisi ile ilianzishwa kwa ajili ya shahada za uzamili na uzamivu, kidato cha sita bado.

Kwa wanaokwenda ualimu, hesabu ni ile ile ila mlango ni mwingine. Enzi zile mwalimu akimaliza chuo anapangiwa kituo, hakuna aliyemuuliza kasoma wapi. Tangu 2015 hivi mambo yamegeuka. Mapema mwaka 2025 walimu walipoitwa kwenye usaili, walioomba walikuwa zaidi ya laki mbili kwa nafasi ambazo hazikufika elfu kumi na tano. Kwa hali hiyo, kulipa mamilioni ya ziada kwa ajili ya jina la chuo cha ualimu ni kitu cha kufikiria mara tatu, na somo unalofundisha lina uzito kuliko chuo ulichosomea.

Haya, binti wa Nkoaranga aende wapi? Nisikimbie swali langu mwenyewe.

Kwa kuwa anatakiwa athibitishe kabla ya kujua mkopo, basi achague kana kwamba mkopo ni sifuri. Familia ikae, iandike: bila Bodi, tunaweza kulipa mwaka wa kwanza Dar, ada na 2,400,000 za kuishi, bila kuuza kitu ambacho hakirudi? Kama jibu ni ndiyo, na binti anataka, aende Mlimani. Maktaba ni kubwa, ushindani ni mkali, marafiki atakaopata watakuwa wanasheria wa nchi nzima, na Shule ya Sheria iko jirani. Kama jibu ni hapana, aende Makumira bila kuona aibu, lakini kwa mkataba wa familia. Kwanza, apewe chumba au meza na saa zake za kusoma zisizoguswa. Pili, ile tofauti iwekwe kila muhula kwenye akaunti kwa jina lake, ya Shule ya Sheria. Tatu, yeye mwenyewe aahidi kwamba mahakama zilizoko mjini atazijua kama anavyolijua soko la Tengeru.

Kinachobaki kibaya ni njia ya katikati, ambayo ndiyo wengi wetu tunaichukua: kwenda Dar kwa kutegemea mkopo ambao haujatoka, ukitoka nusu tunauza shamba, mwaka wa pili hela imekata, mtoto anaahirisha masomo. Au kukaa nyumbani na kula ile akiba kwenye send-off.

Na hapo kwenye send-off nina neno. Mwaka 1952 Wameru walichangishana, watu maskini wa ndizi na kahawa, wakampeleka Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa New York kudai ardhi ya Engare Nanyuki, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton. Ardhi hawakurudishiwa siku ile, lakini dunia ilisikia. Watu wale walijua thamani ya kuwa na mtu anayeijua sheria upande wao. Leo wajukuu zao tunaunda kamati ya send-off, tunakusanya mamilioni kwa wiki sita, ukumbi, keki, MC. Lini mmesikia kamati ya kumpeleka binti Shule ya Sheria? Kadi za mchango zinachapishwa kwa ajili ya keki, lakini kwa mwaka ule mmoja unaomfanya mtu kuwa wakili kila mzazi anajifungia na madeni yake.

Kwa wakubwa nina ombi moja tu, tena halihitaji bajeti. TCU na Bodi ya Mikopo ni vyombo vya serikali moja, wizara moja. Wakae wapange kalenda ili mwombaji aambiwe kiwango cha mkopo wake kabla ya kuthibitisha chuo, au walau apewe kiasi cha awali. Kama mnaweza kumtumia mtoto namba ya siri kwenye simu ndani ya sekunde, mnaweza kumtumia na namba ya shilingi.

Wadau, nyie mnasemaje? Waliosoma Makumira mkaenda Shule ya Sheria, mlijionaje mkikaa na wa Mlimani? Na wazazi mlioshaamua, mlipiga hesabu au mlisikiliza jina? Tiririkeni hapo chini. Matusi hapana.